Bango Lako la Kwanza la Filamu

Kijana anayejua kutumia Photoshop Nachingwea au Ruangwa hakosi cha kufanya. Kuna kadi za harusi, mabango ya mahafali, fulana za kampeni, kalenda za vikundi vya vikoba, matangazo ya mechi za Namungo pale Uwanja wa Majaliwa. Kazi hizo zinaleta hela ya kula na zinazoesha mkono. Kisha siku moja wanakuja vijana waliopiga filamu yao kwa kamera ya kuazima, wanaweka flashi mezani na kusema: "Kaka, tutengenezee kava." Ndani ya flashi mna picha sita za waigizaji, jina la filamu na namba ya simu. Wanaitaka jioni hiyo hiyo.

Kazi ya namna hii inastahili kupewa uzito kuliko inavyopewa. Filamu inaweza kuwa imekula akiba ya watu kumi, na mara nyingi kitu pekee ambacho mpita njia atakiona kabla ya kuamua kutoa hela ni karatasi utakayoitengeneza wewe. Ushauri wangu wa kwanza, ambao mengine yote yanautegemea, ni huu: zile picha sita ziache kwanza. Omba filamu yenyewe. Itazame mpaka mwisho.

Wengi hawafanyi hivyo, na sababu yake ina historia. Bongo Movie ilipoanza kupata nguvu baada ya "Girlfriend" ya George Tyson mwaka 2003, filamu ziliuzwa kwa kanda, kisha kwa VCD na DVD, kutoka Kariakoo kwenda kila wilaya. Bango kubwa la sinema halikuwepo kwa sababu majumba ya sinema yalikuwa yamekwisha kufungwa karibu yote. Kava ndiyo ilikuwa bango. Ilipangwa rafuni na nyingine nyingi, au ilitembezwa mkononi na machinga, na mnunuzi aliikagua kwa kitambo kidogo tu. Msambazaji alijua nini kinauza: uso. Uso wa mwigizaji Steven Kanumba ulitambulika mpaka Congo, Rwanda na Burundi. Ukiuweka mbele, kazi ya kava ilikuwa imekwisha. Ndipo likazaliwa lile pangilio tunalolijua sote, nyuso kubwa tatu au nne juu, jumba la kifahari au gari chini yake, na jina la Kiingereza lenye kung'aa katikati.

Siwalaumu waliobuni kava zile; walikuwa wanalijibu soko la wakati wao. Lakini Kanumba alifariki Aprili 2012, biashara ya diski imedhoofika, na vijana waliokuja kwako hawana uso unaojulikana hata Masasi. Nyuso nne za watu wasiofahamika hazimwambii mtazamaji lolote isipokuwa kwamba hii ni filamu kama zile nyingine. Filamu isiyo na nyota inahitaji wazo, na wazo limo ndani ya filamu.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza kaa kama mtazamaji, bila daftari, uone ni wapi umeshtuka, wapi umecheka, wapi umechoka. Mara ya pili simamisha, andika, chukua picha za skrini. Orodhesha vitu, siyo hisia: ndoo, pikipiki, barua, mlango uliofungwa kwa kamba, kanga inayorudi mara tatu, gunia la ufuta. Hisia kama "mapenzi" au "usaliti" hazichoreki, na ukijilazimisha kuzichora utaangukia moyo uliopasuka na machozi. Kitu kinachoreka. Kisha tafuta kitu kimoja katika orodha ambacho mtu aliyekwisha kuona filamu akikitazama atasema "ndiyo," na ambaye hajaiona atajiuliza "kwa nini?" Hicho ndicho bango lako.

Saul Bass wa Marekani aliingia katika kazi hii kwa njia hiyo. Bango lake la mwaka 1954 la "Carmen Jones" lilikuwa ua la waridi na mwali wa moto, basi. Mwongozaji Otto Preminger akalipenda kiasi cha kumtaka atengeneze na ufunguzi wa filamu wenyewe. Mwaka uliofuata ikaja "The Man with the Golden Arm", filamu ya mtu aliyetekwa na heroini. Mwigizaji alikuwa Frank Sinatra, ambaye uso wake peke yake ungetosha kuuza tiketi, lakini kitovu cha bango la Bass ni mkono mweusi uliopinda, kana kwamba umekatwa kwa mkasi. Vifaa vilivyohitajika hapo ni karatasi, mkasi na ujasiri. Steshenari ya Ruangwa inavyo viwili vya kwanza.

Mteja atakuja na matakwa yake, na hapa mfano mwingine wa kazi za mwanzo unafaa. Bill Gold alikuwa na miaka 21 alipopewa mabango yake ya kwanza katika kampuni ya Warner Bros., mwaka 1942, moja likiwa la "Casablanca". Alisimulia baadaye kwamba wakubwa waliona rasimu imepoa, wakataka msisimko, naye akaweka bastola mkononi mwa Humphrey Bogart. Kila mbunifu atakutana na ombi hilo. Wewe utaambiwa uongeze bastola, damu, au msichana aliyevaa nusu. Swali la kumuuliza mteja ni jepesi: imo kwenye filamu? Katika "Casablanca" bastola imo, na mwishoni inafyatuliwa. Ombi lilikuwa halali. Kama kwenye filamu ya wateja wako hakuna bastola, usiiweke hata wakiongeza malipo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya aina ya watazamaji tulionao. Huko Ghana, miaka ya 1980 na 1990, waonyeshaji wa video walizunguka na televisheni, deki na jenereta, wakifuatwa na mabango yaliyochorwa kwa mkono kwenye magunia ya unga yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Wachoraji wengi walichora filamu wasizoziona, wakaongeza nyoka, mafuvu na vichwa vilivyokatwa. Leo mabango yale yanatundikwa katika maonyesho Ulaya na Marekani, na kwa kweli brashi yao ni ya kusifiwa. Pia walielewa jambo ambalo sisi tunalisahau, kwamba bango linalosafiri linapaswa kukunjika bila kuchanika. Lakini mwonyeshaji wa kuzunguka alihama kesho yake. Mwenye kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, cha Nachingwea hahami. Mtu aliyelipa kiingilio akitegemea damu na akaonyeshwa ugomvi wa mirathi atakutana naye sokoni asubuhi, na wiki ijayo hatatoa hela kwa bango lolote lenye mkono wako.

Ukishapata wazo, nenda mahali bango litakapokaa kabla hujafungua kompyuta. Simama pale. Ni ukuta wa kibanda, ambapo watu wanakaa karibu? Ni stendi, ambapo mtu anaangalia akiwa ndani ya basi? Ni kijiwe cha bodaboda, ambapo anapita bila kusimama? Kuna kanuni ya zamani ya watengeneza mabango ambayo haijanitupa: herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 inasomeka bila shida kwa umbali wa mita 3 hivi, na ya sentimita 10 kwa mita 12. Pima kwa hatua, kisha rudi uandike jina kwa ukubwa huo. Utagundua kwamba kwa bango la barabarani nafasi iliyobaki inatosha jina, picha moja, siku na mahali. Yale mengine uliyotaka kuyajaza hayakuwa na mahali tangu mwanzo.

Fikiria na msimu. Kwa huku kwetu fedha ina majira yake: ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, na korosho kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Watu hukusanyika kwenye maghala ya vyama vya msingi wakisubiri bei, na muda wa kusoma wanao. Mtayarishaji mwenye akili ataonyesha filamu yake wakati huo, na mbunifu mwenye akili atamshauri hivyo. Lakini minada ya korosho inaelekeana na mvua. Karatasi ya A3 iliyochapwa kwa wino wa kawaida wa steshenari itachuruzika kwa manyunyu ya kwanza, na hata bila mvua jua litaula wekundu na njano mpaka waigizaji wabaki rangi ya samawati. Kwa nje tumia bana, au karatasi iliyopigwa lamineti na kuzibwa pembe zote. Karatasi tupu ibaki ndani au barazani. Na kabla ya kutundika chochote kando ya barabara, uliza ofisi ya kata au halmashauri kuhusu kibali na ushuru, maana bango likiondolewa siku ya onyesho, hasara ni ya mteja na jina baya ni lako.

Sasa herufi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mabango mengi yanafia hapa na mafunzo ya kwenye intaneti yameandikwa kwa ajili ya lugha nyingine. Majina ya Kiswahili yana tabia yake. Yamejaa "wa", "ya", "va" na "ta", na ukiyaandika kwa herufi kubwa, W na A zinaachana, Y na A zinaachana, na pengo linatokea katikati ya neno. Andika RUANGWA kwa herufi kubwa nene halafu utazame mwisho wake: W na A zimesimama mbali kuliko N na G. Programu haitalirekebisha vizuri kila mara. Sogeza kwa mkono, jozi kwa jozi, na ulipindue neno juu chini unapokagua ili jicho liache kusoma na lianze kuona nafasi. Angalia jina kama "Arusi ya Mariamu", filamu ya mwaka 1985: maneno matatu, la kati fupi sana. Je, "ya" iwe ndogo ikae ubavuni, au liwe sawa na mengine? Au "Vuta N'kuvute", ambayo Amil Shivji aliitengeneza kutoka riwaya ya Adam Shafi na ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021: ile alama ya ritifaa ukiiacha ndogo inapotea, na jina linaharibika. Maamuzi haya madogo ndiyo yanayotenganisha bango na kadi ya mwaliko.

Fonti moja inatosha, mbili ni nyingi. Zipo za bure zenye leseni ya wazi kwenye Google Fonts, nyingine nzuri sana, na hakuna haja ya kutumia iliyoibwa. Ukiweza, andika jina la filamu kwa mkono wako mwenyewe, kwa brashi, mkaa au kalamu nene, kisha ulipige picha na ulisafishe. Jina lililoandikwa kwa mkono halina mwingine mwenye nalo.

Na waombe wateja jina la Kiswahili. Mazoea ya kuipa jina la Kiingereza filamu ambayo kila neno ndani yake ni Kiswahili yametuchosha, na yanamnyima mtazamaji wa Naipanga au Mnacho mlango wa kwanza wa kuingilia.

Upande wa picha kuna hesabu moja ambayo ingeokoa fedha nyingi. Picha ya skrini kutoka video ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inakupa picha ya sentimita 16 kwa 9, ndogo kuliko daftari. A3 inahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Kuivuta picha ya skrini ijaze A3 ni kujitafutia uso wenye ukungu. Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4000 kwa 3000, ambazo zinakaribia sana kutosha. Kwa hiyo waambie wateja warudi na waigizaji wao na nguo zile zile, mpige picha mpya kwa ajili ya bango, asubuhi au jioni jua likiwa chini. Bana kubwa inayotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara haidai nukta 300. Mia moja zinatosha.

Ngozi zetu zinahitaji uangalifu wa pekee kwenye uchapaji. Kinachoonekana vizuri kwenye skrini yenye mwanga wake huzama kikichapwa, hasa uso mweusi juu ya usuli wa giza ambao wabunifu wengi wanaupenda kwa filamu za kutisha. Mashine inamwaga rangi zote nne mahali pamoja na sura inageuka doa. Jibu si kumpaka mwigizaji weupe asiokuwa nao, kosa ambalo kava nyingi zilifanya na ambalo linaniuma kila ninapoliona. Inua sehemu za kati za mwanga, acha mng'ao kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, tenga kichwa na usuli kwa rangi iliyo wazi zaidi. Badili faili liwe la CMYK, yaani rangi hizo nne za uchapaji, kabla ya kulipeleka, ulitazame tena, na uchape kipande kidogo cha uso tu kwa majaribio kabla ya kuagiza nakala zote.

Wala si lazima iwe picha ya kamera. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu hapa, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya hadibodi. Usichukue tembo na ndege wake ukawabandika kwenye bango. Hiyo imefanywa mpaka imepoteza ladha. Chukua mpangilio: mnyama mmoja aliyejaza ubao, mstari wazi, usuli wa rangi moja au mbili. Mtu anayemwona kwa mbali hana shaka anaangalia nini. Hilo ndilo jambo linalotafutwa na bango, na mpangilio huo unachapika vizuri hata kwa mashine mbovu.

Kama wateja hawajaja bado, usikae. Jipe mazoezi. Chukua filamu tatu ulizozitazama kikamilifu, ya Kitanzania, ya Kikenya na ya mbali, utengeneze bango la kila moja bila uso wa mwigizaji, uandike wazi kwamba ni zoezi, usiuze. Halafu jaribu moja la nyumbani. Wengi hawajui kwamba Nachingwea ni jina la filamu. Dragutin Popović wa Yugoslavia, aliyekwisha kutengeneza "Venceremos" kuhusu mapambano ya FRELIMO miaka ya 1960, alitoa filamu yenye jina hilo mwaka 1975, mwaka wa uhuru wa Msumbiji, kwa sababu hapa ndipo ilipokuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji. Zoezi langu kwako ni bango la filamu yako mwenyewe, ambayo haijapigwa, yenye jina hilo hilo. Herufi kumi: utazipanga mstari mmoja au miwili? Na kitu kimoja kitakachobeba mji huu ni kipi? Ni reli ya mradi wa karanga ulioanza 1947 ukafa 1951, ambayo baadaye iling'olewa? Ni kambi? Ni mkorosho? Kaa na wazee waliokuwepo, wasikilize, uandike orodha ya vitu kama nilivyosema juu. Utakapochagua kimoja na kuviacha vingine vyote, utakuwa umefanya sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii.

Bango la leo halikai ukutani tu. Filamu itawekwa YouTube, labda itapelekwa Sinema Zetu ya Azam au kwenye tamasha la ZIFF Zanzibar, na tangazo lake litapita kwenye makundi ya WhatsApp. Buni la kusimama na la kulala kwa pamoja tangu mwanzo. Picha ya YouTube ni pikseli 1280 kwa 720, na kona ya chini kulia hufunikwa na muda wa video, kwa hiyo usiweke neno pale. Punguza bango mpaka liwe na upana wa kidole gumba. Kama jina halisomeki na kitu chako hakitambuliki, rudi kwenye mpangilio, usiongeze mng'ao.

Makubaliano yaandikeni, hata kwa ujumbe wa simu: bei, nusu ya malipo kabla ya kuanza, marekebisho mara mbili na ya tatu yalipiwe, bango litatumika wapi, na nani anabaki na faili la kazi lenye tabaka zake. Kisheria hakimiliki inaanza kazi inapoumbwa, lakini kuisajili COSOTA kunakupa ushahidi kukitokea mgogoro. Mwulize mteja kama filamu imepita Bodi ya Filamu na imepewa daraja gani la umri, ili uliweke kwenye kava badala ya kulikisia. Usichukue picha kutoka Google kwa kuwa tu imepatikana. Hakikisha kila jina la mhusika limeandikwa sawasawa, mpishi na dereva wakiwemo. Wasomee wateja majina kwa sauti, mmoja mmoja, kabla ya kuchapa.

Unapotuma kazi kiwandani, iwe Ndanda au Dar es Salaam kwa basi, tuma PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro, na ziada ya milimita 3 kila upande wa kukatia. Omba nakala mbili zaidi ziwe zako. Weka jina lako na mwaka kwenye pembe ya chini, kwa herufi ndogo zinazosomeka, na mteja akikataa, mweleze kwamba mpiga kamera na mhariri wameandikwa. Nakala moja bandika kwenye ukuta wa ofisi yako. Ya pili ilaze bapa ndani ya plastiki, juu ya kabati na mbali na mchwa, kwa maana mteja wako wa pili atataka kuiona kwenye karatasi, si kwenye simu.